Kabla ya Kuifungua Mashine ya Kuchoronga

Mashine ya kuchoronga miamba, yaani ya kuitoboa, inapoletwa kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Mirerani, mara nyingi huletwa na watu wawili: mmoja ameibeba begani na mwingine amebeba maelezo. Mashine yenyewe, bila mguu wake, yaani ile nguzo ya upepo inayoibeba na kuisukuma kwenye mwamba, ina uzito wa kilo 26 hivi. Maelezo huwa mepesi zaidi. "Fundi, imekufa," ananiambia meneja wa chimbo au kijana aliyetumwa, kisha anatafuta kwa macho spana zangu zilipo, kwa sababu anataka aione ikifunguliwa mbele yake. Nikimwambia kwamba leo siifungui, na kwamba badala yake tutapanda pikipiki hadi chimboni nikaangalie kompresa inayobana upepo, mipira inayouleta na tangi la maji, hunitazama kama mgonjwa anayemtazama daktari aliyeomba kwanza akague jikoni kwake.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, nikianza kama msaidizi wa mchorongaji aliyekuwa akinituma rodi, kile chuma kirefu cha kutobolea, na maji, na jambo lililonigharimu zaidi kulijua ni kwamba mashine nyingi zinazosemwa zimekufa hazina ubaya wowote ndani, au zina ubaya ambao umeingizwa na kitu kilichoko nje. Anayebadilisha pistoni bila kujua ni nini kilichoiua ile ya kwanza ataibadilisha tena kabla mwezi haujaandama.

Mashine ninayoizungumzia ni ile ya mguu wa upepo, aina ya YT28 na ndugu zake, ambayo imeenea kwa wachimbaji wadogo kwa sababu bei yake inafikika na vipuri vyake vinapatikana. Utendaji wake hauna siri kubwa. Pistoni inakwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya silinda zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, ikisukumwa na upepo ambao vali huupeleka mara upande huu, mara upande ule. Ikienda mbele, inagonga kitako cha rodi. Ikirudi nyuma, inalazimika kujizungusha kidogo, kwa sababu ndani yake imefungwa nati ya shaba yenye mifuo, na nati hiyo inapita juu ya fimbo ya chuma ambayo mifuo yake imesokotwa kama kamba. Fimbo hiyo imeshikwa nyuma na ndimi ndogo nne zenye springi zinazoingia katika ringi ya meno. Pistoni ikienda mbele, ndimi zinateleza na fimbo ndiyo inayozunguka. Pistoni ikirudi, ndimi zinashika, fimbo inagoma, na pistoni haina budi kuzunguka yenyewe, ikiizungusha pamoja nayo bushi ya mbele na rodi iliyomo. Ndiyo maana kila pigo linaangukia mahali papya kwenye mwamba. Katikati ya vyote hivyo, kutoka nyuma hadi mbele, imepita sindano nyembamba inayopeleka maji ndani ya rodi, ambayo nayo ina tundu katikati kwa urefu wake wote. Mtu akiyashika haya machache, anaweza kuisikiliza mashine na kukisia ilipougua kabla hajagusa nati.

Mashine ya kwanza niliyokabidhiwa niitengeneze peke yangu ililetwa na malalamiko kwamba haina nguvu. Niliifungua, nikaisafisha, nikabadilisha vali, nikairudisha. Kesho yake ikarudi. Nikaifungua tena, nikabadilisha springi na ndimi ambazo, nikikumbuka sasa, hazikuwa na kosa. Ikarudi mara ya tatu, na mwenye mashine akiwa ameshalipa vipuri vya mara mbili. Nilikuwa nimepima upepo mwenyewe, na geji ilisoma baa 6, kwa hiyo nilikuwa na hakika kwamba kompresa haina lawama. Mchorongaji mmoja mzee aliyekuwa akipita alisimama, akaomba kisu, akaukata mpira wa upepo shubiri moja kutoka kwenye kiungio, akanionyesha. Utando wa ndani wa mpira ulikuwa umebanduka na kuning'inia kama ulimi wa ng'ombe. Koki ya mashine ikiwa imefungwa, presha ilipita taratibu pembeni mwa ulimi ule na geji ikapanda hadi baa 6. Koki ikifunguliwa na upepo ukaanza kwenda mbio, ulimi uliinuka na kuziba njia. Mzee hakunicheka. Aliniambia tu, "Kijana wangu, wewe umepima upepo uliolala."

Tangu siku hiyo sipimi presha ya mashine isiyofanya kazi. Geji inafungwa karibu na mashine, si kwenye kompresa iliyoko juu, na inasomwa wakati rodi iko ndani ya mwamba na mchorongaji amefungua koki yote. Mashine hizi zimetengenezwa kwa presha ya baa 4 hadi 6, lakini hiyo haina maana kwamba baa 4 na baa 6 ni mamoja: presha ikishuka kutoka 6 hadi 4, kasi ya kutoboa hupungua kwa zaidi ya theluthi, na katika mwamba mgumu huweza kukaribia nusu. Mchorongaji haoni geji. Anachoona ni kwamba tundu lililokuwa likimchukua dakika chache sasa linamchukua muda wa kunywa chai na kumaliza kikombe, naye kwa haki kabisa anailaumu mashine iliyo mikononi mwake.

Upepo hupotea njiani kwa namna ambazo hakuna anayezihesabu. Mashine moja ya aina hii hutumia lita 80 hivi za upepo kwa sekunde. Kompresa ya kuvutwa ya futi za ujazo 185 kwa dakika, ambayo nimeikuta kwenye machimbo mengi, hutoa takriban lita 87 kwa sekunde ikiwa mpya na filta yake ni safi. Maana yake ni kwamba inalisha mashine moja na kubakiwa na kitu kidogo sana, ilhali nimewahi kukuta kompresa kama hiyo imeunganishwa mashine mbili, pamoja na mpira wa tatu ulioachwa wazi ili wanaapolo, yaani wachimbaji, walioko chini wapate hewa ya kupumua. Tundu moja la milimita 3 kwenye kiungio hupoteza karibu lita 10 kwa sekunde kwa presha ya baa 6. Viungio vinne vya namna hiyo vinakula nusu ya chakula cha mashine. Kisha kuna unene wa mpira. Mtu ananunua mpira wa robo tatu inchi kwa sababu ni rahisi kuliko wa inchi moja, anaushusha mamia ya mita, na hajui kwamba kwa upepo ule ule, presha inayopotea ndani ya mpira mwembamba huo ni zaidi ya mara nne ya ile ambayo ingepotea katika mpira wa inchi moja. Povu la sabuni, brashi, na saa moja ya kufuata mpira kutoka kompresa hadi mwisho wa chimbo vimeponya mashine nyingi kuliko vipuri vyote nilivyowahi kufunga.

Kwa kuwa nimeutaja mpira wa kupumulia, niseme hili pembeni: kompresa isiwekwe mahali ambapo moshi wa injini yake, au wa jenereta ya jirani, unarudi kwenye mdomo wake wa kuvutia hewa. Mashine haitalalamika hata kidogo, kwa sababu kwake upepo ni upepo, lakini watu walioko chini watavuta gesi ya sumu iliyomo ndani ya moshi huo, isiyo na rangi wala harufu ya kuwatahadharisha.

Kuna ugonjwa mwingine wa upepo unaojulikana kwa tabia yake. Mashine inaanza vizuri, baada ya muda inalegea, inasimama, wanaipumzisha, inapata nguvu tena. Wachorongaji husema "imechoka". Ukiwahi kuifikia kabla haijapumzika na ukapapasa tundu la kutolea upepo, utakuta barafu. Watu hawaamini kwamba barafu inaweza kujitengeneza ndani ya chimbo ambalo mtu anatokwa na jasho akiwa amekaa tu, lakini upepo uliobanwa ukiachiwa ghafla hupoa vikali, na unyevu uliomo huganda papo hapo kwenye tundu. Wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi. Dawa yake haiko kwenye mashine. Iko kwenye koki ndogo iliyo chini ya tangi la kompresa, ambayo inapaswa kufunguliwa kila asubuhi na tena mchana ili maji yatoke, na ambayo kwenye kompresa nyingi ninazozikagua imeshika kutu kwa sababu haijafunguliwa tangu siku iliponunuliwa.

Oili ina mambo yake. Mashine hii haina mahali pa kuhifadhi oili ndani ya mwili wake. Inategemea kikombe cha oili kilichofungwa kwenye mpira wa upepo, mita chache kabla ya mashine, ambacho hudondosha oili kidogo kidogo ili upepo uibebe hadi kwenye kila kipande kinachosuguana. Kikombe cha mililita 200 kisitegemewe kwa zaidi ya saa moja hivi ya kuchoronga. Oili yenyewe iwe ile ya mashine za kuchoronga, ambayo hunata kwenye chuma na haikubali kusafishwa na unyevu, wala isiwe oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya lori, ambayo imejaa vumbi la chuma na ambayo mchorongaji ataivuta puani kama ukungu zamu nzima. Kujua kama oili inafika hakuhitaji kifaa. Chomoa rodi, tazama kitako chake: kikiwa kinang'aa kwa utando mwembamba wa oili, mambo ni mazuri, kikiwa kikavu na chenye rangi ya hudhurungi kama chuma kilichochomwa, mashine inajila yenyewe. Shika kipande cha karatasi mbele ya tundu la kutolea upepo kwa muda wa kuhesabu hadi kumi; karatasi inapaswa kupata alama za oili, si kulowa chepechepe.

Nilisema kwamba ubaya wa ndani huletwa na kitu cha nje, na hakuna mfano ulionifundisha zaidi ya mashine moja iliyokuja kwangu mara tatu katika mwezi mmoja. Kila nilipoifungua nilikuta hali ile ile: oili imegeuka nyeupe kama chai iliyozidiwa maziwa, kutu nyekundu imetanda kwenye ringi ya meno, na kwenye ukuta wa silinda kuna mikwaruzo mirefu ambayo ningeweza kuihisi kwa ukucha. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya mashine, yanaosha oili, na pistoni inasugua chuma kwa chuma. Mara ya kwanza niliilaumu sindano ya maji, nikaibadilisha pamoja na raba zake. Mara ya pili nikailaumu ile vali ambayo katika mashine hizi hufungulia maji yenyewe upepo unapoingia, na kwa kweli ilikuwa na uchafu uliokuwa unaizuia isifunge. Mara ya tatu sikuwa na wa kumlaumu, nikamwomba meneja anishushe.

Mwenye chimbo alikuwa amefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: alikuwa amenunua tangi la plastiki la lita 2,000, akaliweka juu karibu na mdomo wa chimbo, na kila boza la maji lilipofika alilijaza ili vijana wake wachoronge kwa maji. Alijivunia nguvu ya maji yale. Ukifungua koki chini yanaruka hadi ukuta wa pili. Tulishuka kwa ngazi na kamba, kona baada ya kona, na nikawa najaribu kukadiria kina cha kusimama, kwa sababu machimbo yetu yanakwenda kwa mteremko na mita 200 za kamba hazina maana ya mita 200 za kina. Kwa makadirio yangu tulikuwa mita 80 chini ya tangi. Kila mita 10 za maji yaliyosimama ndani ya bomba huongeza presha ya baa 1 hivi. Maji yalikuwa yanafika kwenye mashine kwa presha ya baa 8, na upepo, nilipoupima mashine ikifanya kazi, ulikuwa baa 4 na nusu. Hapo hapakuwa na sindano wala raba duniani ambayo ingeyazuia maji yasiende yanakotaka.

Kanuni ni kwamba presha ya maji iwe chini ya presha ya upepo kwa angalau baa 1, na kwa mashine hizi baa 2 hadi 3 zinatosha kabisa. Tuliweka pipa katika chumba kimoja cha njiani, kiasi cha mita 25 juu ya mahali pa kuchorongea, tukalifunga boya la tangi la choo ili lijaze lenyewe kutoka juu na kujifunga likijaa, na mpira wa mashine ukaanzia hapo. Gharama yake haikufika bei ya pistoni moja. Mashine ile ilirudi kwangu baada ya miezi mingi, kwa ajili ya bushi iliyochakaa kihalali.

Meneja, kabla hajakubali pipa, alikuwa ametoa pendekezo jingine, na ninalieleza kwa sababu ndilo ninalolisikia kila mahali: "Fundi, kama maji ndiyo yanayoua mashine, si bora tuchoronge kavu tu?" Kwa mashine, jibu lingekuwa ndiyo. Kwa mchorongaji, vumbi la mwamba wenye kwatzi likiingia mapafuni halitoki, na lile linalofika ndani kabisa ni jembamba kiasi kwamba kitambaa kilicholowekwa na kufungwa usoni hakilizuii. Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, inawajua wachimbaji wa hapa kwa kifua kikuu na kwa ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo. Hili si jambo jipya wala si letu peke yetu. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Colorado nchini Marekani, J. George Leyner alitengeneza mashine ya kuchoronga yenye rodi iliyotobolewa katikati, iliyopuliza upepo hadi kwenye ncha ili kutoa unga wa mwamba. Ilifanya kazi kwa kasi, na kwa kasi hiyo hiyo ilijaza vumbi mpaka wachimbaji wakaikataa, naye akairudia na kuyapitisha maji ndani ya rodi. Mashine kavu za enzi zile zilipewa jina la mfanya wajane. Sindano nyembamba ambayo wachorongaji wetu huing'oa na kuitupa kwa sababu "inasumbua" ndiyo matokeo ya kisa hicho.

Nakubali kwamba maji hapa ni ghali. Mashine inataka lita 3 hadi 5 kwa dakika, na kwa kiwango cha juu hicho saa moja ya kuchoronga inakula lita 300, yaani pipa moja na nusu. Lakini kuna wanaoyakusanya chini, wakayaacha yatulie katika shimo lililowekewa turubai, wakayachuja na kuyatumia tena, ilimradi chujio lililo kwenye mdomo wa maji wa mashine lisafishwe kila zamu. Nimeona pia wanaoikata rodi maji kwa makusudi wakati wa kuanza tundu na kuyafungulia baadaye. Hao wanavuta vumbi katika dakika zile zile ambazo vumbi ni jingi zaidi.

Baada ya upepo, oili na maji kuthibitishwa, ndipo naruhusu spana zifanye kazi. Ugonjwa ninaopenda kuutibu, kama fundi anaruhusiwa kuwa na upendeleo, ni ule wa mashine inayopiga bila kuzunguka. Juzi ililetwa moja. Niliilaza mezani, nikalegeza boliti mbili ndefu za ubavuni kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, nikavuta kichwa cha nyuma. Ringi ya meno ilikuwa imejaa grisi ya magurudumu, nyeusi, ngumu kama lami ya baridi. Mtu aliyeipenda mashine kuliko alivyoijua alikuwa ameifungua na kuipaka grisi kwa nia njema. Ndimi nne zilikuwa zimezama ndani ya grisi ile, mbili zimelala katika nafasi zake kama watoto waliolala chali, kwa sababu springi zake hazikuweza kuzisukuma. Nilizitoa moja moja kwa ncha ya bisibisi, nikaziosha kwa dizeli, nikazipanga juu ya kitambaa cheupe. Tatu zilikuwa na makali yaliyolika na kuwa mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. Ya nne ilikuwa na makali yake. Ukizipitisha kwenye kidole gumba unajua bila kuangalia.

Ndimi zinabadilishwa zote nne pamoja na springi zake, hata kama moja inaonekana nzima, kwa sababu iliyo nzima ikibaki na wageni watatu itabeba mzigo tofauti. Kisha nati ya shaba inapimwa. Ikiwa mifuo yake imekuwa myembamba hadi inafanana na makali ya kisu, mashine itazunguka leo na kesho itagoma. Kabla ya kuifunga mashine ile nilitafuta pia uvimbe mdogo kwenye ukuta wa pistoni, nikauondoa kwa jiwe laini la kunolea lenye oili, kamwe si kwa tupa. Pistoni iliyopakwa oili inapaswa kushuka ndani ya silinda kwa uzito wake yenyewe, polepole, bila kukwama popote ukiizungusha.

Uso wa pistoni, ule unaogonga rodi, ndio cheti cha tabia ya wachorongaji. Ukiwa tambarare unaong'aa, nafahamu kwamba chimbo hilo lina mtu anayetazama rodi zake. Ukiwa na kovu la mwezi mchanga upande mmoja, basi rodi ilikuwa imesimama upande, na sababu yake ni bushi ya mbele. Bushi hiyo ina tundu la pembe sita kwa ajili ya rodi ya milimita 22. Tundu likilika likafika milimita 25 kutoka ubavu hadi ubavu, naitoa, hata mwenye mashine akinung'unika kwamba bado inashika. Rodi inayocheza ndani ya bushi hupokea pigo kwenye pembe badala ya uso mzima, na chuma kigumu hakivumilii jambo hilo kwa muda mrefu. Gharama ya bushi ni ndogo sana ikilinganishwa na pistoni, lakini wateja wangu huahirisha bushi hadi pistoni imevunjika, kisha wananunua vyote viwili.

Rodi nazo zinatendewa vibaya. Kitako kilichochongoka au kubonyea katikati kinasagwa kuwa tambarare na kingo zake zinapunguzwa kidogo, lakini kwa subira, kwa kugusa na kuachia, kwa sababu chuma kikigeuka rangi ya buluu kwenye jiwe la kusagia, ugumu wake umeshaondoka. Biti ya vitufe, yaani ncha ya rodi yenye vitufe vigumu vinavyovunja mwamba, inarudishwa kunolewa pale uwanda uliolika juu ya kitufe unapofika theluthi moja ya kipenyo chake. Wachorongaji husubiri mpaka kitufe kiwe kama kichwa cha msumari uliogongwa, na hapo nguvu yote ya upepo inageuka kuwa joto na mtetemo unaorudi mkononi. Na ikiwa rodi imekwama, basi izungushwe kwa spana na mashine itolewe presha. Nimeona mashine zilizopasuliwa kichwa cha mbele kwa nyundo ya ratili 14 na mtu ambaye baadaye aliniuliza kama chuma cha siku hizi ni dhaifu.

Kuna jambo moja ambalo halimhusu fundi bali namwambia kila mchorongaji anayekuja: usiweke biti ndani ya tundu la zamani lililobaki baada ya mlipuko wa jana, hata kama linaonekana tupu na linakurahisishia kuanza. Baruti isiyolipuka hukaa humo, na mashine inapiga mara 2,000 kwa dakika.

Kufunga kuna utaratibu wake ambao siuharakishi. Boliti za ubavuni zinakazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kwa sababu upande mmoja ukitangulia, kichwa cha mbele kinakaa mshazari na pistoni inabanwa. Mashine nyingi "zilizotoka kutengenezwa zikagoma" zina kosa hilo tu. Kisha naingiza rodi kwa mkono na kuizungusha. Upande mmoja inakwenda ikitoa mlio wa meno, tik, tik, tik, ulio sawasawa. Upande wa pili inakaza. Mlio ukiruka meno, nafungua tena. Mpira wa upepo unapulizwa hewani kwanza kabla ya kuunganishwa, ili mchanga uliomo utoke nje na usiingie kwenye vali, na mashine inawashwa kwa upepo mdogo kwa dakika moja au mbili, ikiwa imemiminiwa oili kidogo kwenye mdomo wake. Boliti zinakazwa tena baada ya kupata joto. Ikiwa itakaa bila kazi, maji yanakatwa kwanza, upepo unaachwa uendelee kidogo ukaushe ndani, inamiminiwa oili, inapigishwa kwa sekunde chache, na midomo yake yote inazibwa kwa kitambaa safi.

Siku hizi baadhi ya wateja wangu hawaji. Wananitumia sauti kwa WhatsApp. Mchorongaji anaweka simu juu ya jiwe, anachoronga kwa nusu dakika, ananiuliza nini tatizo. Wiki iliyopita nilipokea moja usiku. Mlio ulikuwa mwembamba, wa haraka, unaorukaruka, na kati ya mapigo nilisikia rodi ikigongagonga ndani ya bushi yake. Nilimwandikia kwamba mashine haina ubaya, rodi inaruka kwa sababu haisukumwi. Aangalie mguu, na kabla ya kutafuta raba yake mpya aubadilishe kwanza pembe, kwa sababu mguu uliosimama wima unaibeba mashine badala ya kuisukuma. Baada ya robo saa alinitumia sauti nyingine. Mlio ulikuwa mzito na umetulia, na nyuma yake nilisikia maji yakitiririka kutoka kwenye tundu.